Mikono Nyuma ya Mgongo

Mpangaji wa ghorofani kwa kina Yareli, mama wa Kikanada mwenye mvi anayejifunza Kihispania, hununua chapati za mahindi kwa muuzaji wa mtaani, Doña Chayo, huku mikono kaifunga nyuma, isije ikaonyesha kitu kabla mdomo haujakitaja kwa lugha hiyo. Yareli, ambaye darasani huona haya hata kuuliza swali, humtazama asichoke. Jana Doña Chayo alimfungia kilo yake hata hajasema neno. Mama yule wa Kikanada akairudisha mezani.

“Hujaniuliza, jirani.”

“Si kila siku ni ileile? Watu wana njaa, mama.”

“Na goti lako linalokuuma nilitaka kuliulizia.”

Foleni ikacheka. Doña Chayo, aliyezoea kumjibu kwa vidole, akaweka mikono nyuma, akaanza kulisimulia goti lake, mbio mbio, kama anavyomsimulia kila mtu.