Saa Nzima Namtafutia Mkwe Sauti

Siku niliyovunja marufuku ya mji mzima wa Teshie, mkononi nilikuwa na waya mmoja tu wa HDMI.

Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nachumbia.

Naitwa Selorm. Nauza vifaa vya kompyuta hapa Accra, na kama kuna kitu Mungu alinipimia kwa debe, ni mdomo.

Jumapili hiyo Mzee Okai, baba wa mchumba wangu Dedei, alikuwa anatoa jibu. Ananipa binti, au nirudi kwetu mikono mitupu.

Nilishamtembelea mara tatu. Mara zote niliongea mimi, yeye akiitikia kwa kichwa na kutabasamu. Nikajua huyu mzee nimeshamtia mfukoni.

Mzee anapenda muvi kufa mtu. Basi nikabeba kompyuta yangu imejaa muvi, nimuunganishie kwenye TV yake, ajue amepata mkwe wa kisasa.

Mlangoni Dedei akanivuta mkono. "Selorm, kabla hujaingia, kuna kitu kuhusu baba..."

"Tulia, mpenzi. Kazi hii naifanya nimefumba macho."

"Hebu nisikilize kwanza!"

"Utaniambia baadaye."

Nikachomeka waya, huku kompyuta, huku TV. Picha ikatoka safi kabisa.

Mzee akapiga makofi. "Ahaa! Kaa sasa tuangalie."

Mtu mwenye akili angekaa.

Mimi nikaona aibu. Picha iko kwenye TV, lakini sauti inatokea kwenye kompyuta, nyembamba kama ya mbu.

"Bado sauti, baba. Dakika moja tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatabasamu.

Dakika moja ikawa saa nzima. Nikapandisha sauti ya TV mpaka mwisho, wapi! Nikachomoa, nikachomeka. Nikapuliza tundu la waya kama mtu anayepuliza moto wa mkaa. Mama Korkoi, mama yake Dedei, akaleta kenke, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga, vikapoa mbele yangu.

Muvi inaendelea, mzee anacheka peke yake. Nikadhani ananicheka mimi.

"Shemeji, achana nayo," akasema Amarkai, kaka yake Dedei. "Mzee ameridhika."

"Mwanaume haachi kazi njiani."

Amarkai anakodisha spika za misibani. Siku hizo zilikuwa zimepangwa pale sebuleni, zimefunikwa kitambaa, maana Homowo ilikuwa inakaribia, na kabla ya sikukuu hiyo ngoma na kelele ni marufuku mji mzima.

Nililijua hilo vizuri. Ila kiburi kikipanda kichwani, akili hushuka miguuni.

Amarkai alipotoka kunawa, nikafunua kitambaa. Nikaunganisha spika mbili kwenye TV, nikazungusha kitufe mpaka kikagoma. Bado kimya.

Ndipo nikakumbuka. TV haikuwa na kosa lolote! Ni kompyuta ndiyo inayotakiwa kuambiwa ipitishe sauti kwenye waya. Kitu ninachowaelekeza wateja kila siku.

Nikabofya.

Kwenye muvi, ndiyo kwanza jeshi la mfalme linaingia vitani na ngoma zake zote.

Jamani!

Sufuria zilianguka jikoni. Mbuzi wa jirani alikata kamba. Mama Korkoi akashika kichwa. "Uuwi! Ngoma! Siku hizi!"

Nikaparamia rimoti, ikaniponyoka, ikaingia chini ya kochi. Amarkai akaja mbio na mikono ya sabuni, akang'oa waya wa spika.

Kimya. Kisha nyayo mlangoni.

Waliingia wazee wawili wa mtaa, wale wanaosimamia marufuku. "Okai! Ngoma imelia nyumbani kwako!"

Nikamtazama Dedei, amefunika uso. Nilijua nimemkosa. Moyo uliniuma kweli.

Mzee Okai akageuka taratibu kutoka kwenye TV. "Mnasemaje?"

Mmoja akainama, akampigia kelele sikioni. "NGOMA! IMELIA HAPA!"

"Ngoma?" Mzee akashangaa. "Mimi sijasikia ngoma yoyote. Ila hili kochi limetetemeka. Nadhani ni panya."

Wazee wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka mmoja akakaa sakafuni.

"Baba hasikii, Selorm," Dedei akaninong'oneza. "Mwaka wa nne sasa. Tangu siku ya kwanza najaribu kukuambia. Ulikuwa unaongea."

Sikupata pa kuficha uso.

Faini nikapigwa: kondoo mmoja na chupa mbili za gin. Nikakubali kwa kichwa tu.

Lilibaki jibu. Mzee akanikalisha karibu naye, akanishika bega, akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Binti nimempa huyu. Nampenda sana. Kijana mtulivu, hana maneno mengi!"

Mama Korkoi alikimbilia jikoni kwenda kucheka.

Tuna mwaka wa pili kwenye ndoa. Somo ni hili, ndugu zangu: ukiona mkwe anakubali kila unachosema, usijisifu kwa hoja, kagua masikio yake. Na mwenzako akikuambia "nisikilize", funga bakuli lako.

Majuzi Dedei kaniambia anataka tumnunulie baba kifaa cha kusikilizia.

Nimemwambia tusiharakishe.