Mti wa Mei na Mchumba Kutoka Hinterau

Kengele ya misa inalia kijijini Oberlindach, lakini Walburga Stadlhuber bado yuko mlangoni mwa ghala lake la nyasi. Ameinama, anakagua alama kwenye tope.

"Hili ni tairi la trekta letu," anasema. "Hili la baiskeli ya posta. Na hiki kiatu ni cha nani?"

Ndani, chini ya nyasi, umefichwa mti wa Mei wa kijiji: msonobari mrefu uliochongwa na kupakwa rangi ya buluu na nyeupe, unaosubiri kusimamishwa uwanjani Mei mosi, siku ya sherehe. Hapa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, vijiji huibiana miti hiyo. Walioibiwa huikomboa kwa mapipa ya bia na nyama ya nguruwe, kisha huchekwa mwaka mzima.

Walburga, mjane wa miaka hamsini na tisa, huuza lozi za sukari kwenye magulio na sherehe za bonde zima. Huko hucheza, huimba, hata hupanda bembea ya kuzunguka pamoja na wateja wake. Aprili ikiingia, wateja hao hao yeye huwatazama kwa jicho jingine.

"Vuli nacheka nao, Aprili siwajui," anasema. "Mtu akinunua lozi halafu aniulize habari za ghala, nampa chenji yake nafunga mdomo."

Mwaka huu anayemkosesha raha ni Korbinian, fundi bomba, mchumba wa binti yake Vroni. Ni kijana mpole, anasali. Ila kwao ni Hinterau, kijiji cha ng'ambo ya mto.

Jana alikuja na keki ya tufaha. Kabla haijakatwa akauliza, "Mama, ghala lenu lina mlango wa nyuma?"

"Wa nini, baba? Unataka kulala humo?"

"Nauliza tu. Ni ghala zuri."

"Kula keki yako."

"Mama, umeanza," Vroni akalalamika. "Hata bibi yake utamshuku."

"Bibi yake ndiye wa kwanza."

Kanisani, Walburga anachagua benchi la nyuma. Vijana wa kijiji wanaolinda ghala kwa zamu nao wamekuja kusali. Nani angethubutu kuiba wakati wa misa? Padre anapoanza mahubiri, Walburga anamtafuta Korbinian, aliyeingia na Vroni. Nafasi yake iko tupu.

Anapiga goti, anafanya ishara ya msalaba, anatoka.

Ghala liko wazi. Trekta la Hinterau linavuta tela refu taratibu kuelekea darajani, mpakani mwa vijiji viwili, na mti uko juu yake. Njia panda amesimama Korbinian, anazuia magari ili wenzake wapite.

Walburga anakimbia na viatu vyake vya misa, anaufikia mti, anaupiga kwa kiganja. "Mti unabaki!"

Ndiyo desturi: mwenyeji akiugusa kabla haujavuka mpaka, wezi hutakiwa kuurudisha wenyewe. Dereva anazima injini.

"Mama Lozi, si ungesubiri komunyo kwanza?"

"Na nyie si mngeanza kusali? Geuza trekta!"

Watu wanamiminika kutoka kanisani. Vroni anamwona Korbinian barabarani, anavua pete yake ya uchumba.

"Ulikuja kunipenda au kupeleleza?"

"Vyote viwili," anajibu kijana, macho chini.

Majirani wanadhani harusi imekufa. Ni Walburga anayemshika binti yake mkono.

"Vaa pete yako, mwanangu. Angeniletea siri za kwao ili nimpende, ningemfukuza leo hii. Huyu hakuwauza watu wake hata kwa ajili yako. Na wewe hatakuuza."

Harusi imepangwa Septemba, na Korbinian atahamia Oberlindach, nyumbani kwa mama mkwe. Je, Aprili ijayo ataaminiwa?

"Ataaminiwa," anasema Walburga, akifunga ghala kwa mnyororo mpya. "Nitamwonyesha mwenyewe mti ulipo. Nitamwonyesha ghala tupu la jirani. Halafu nitakaa dirishani, nione trekta la Hinterau linaelekea wapi."