Shamba Lililokuwa Linabonyea

Nilizaliwa Muheto, kwenye vilima vya Masisi. Kule udongo ni muzito, na mvua ikichimba shimo shambani, mutoto anafundishwa kulijaza siku ileile.

Bwana yangu alipopelekwa Itebero kuchimba madini ya Wabelgiji, nililima muhogo juu ya kilima, na yeye akachimba njia chini yake. Kilima kile kilikuwa muchanga mutupu.

Siku moja niliona katikati ya shamba pamebonyea kama sahani. Nikabeba udongo wa nyuma ya jiko kwa kitunga, nikajaza. Kesho yake pakabonyea tena. Nikatukana panya, nikajaza. Juma nzima! Jioni bwana yangu alikuwa ananiambia muchanga unavuja kati ya miti inayoshikilia dari, na mimi namupakulia tu chakula. Ningemutajia lile shimo, angeelewa palepale.

Siku ya saba muhogo wote ulizama, na yeye alikuwa ndani.

Watu wananiambia, "Mama, haiko kosa yako." Wanyamaze. Njo mimi nilimuosha. Nyweleni mwake, pamoja na muchanga, nilikuta udongo mweusi wa nyuma ya jiko langu, na majivu yangu.