Mwisho Ambao Redio Hakuusoma

Ukipanda ngazi za nyuma za duka la misumari mpaka juu kabisa, ukafuata harufu ya kitambaa kinachopigwa pasi, utafika kwenye chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Humo hushonwa mashati ya kazini, ya madereva, ya walinzi, ya wahudumu wa hoteli. Na humo ndimo alimokaa Redio, fundi wa vifungo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi sikioni. Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo, tena zuri, lakini wenzake walikuwa wameshalizika zamani. Alikuwa Redio, basi, na hata mumewe akija kumuulizia mlangoni alisema, "Jamani, Redio yupo?"

Niseme mapema kwamba mimi ni shabiki wake, kwa hiyo msitegemee nimseme vibaya. Wapo watu wamesoma mpaka vyuo vya mbali na kitabu hakijawahi kuwatoa hata jasho. Huyu shule aliiacha angali mdogo, si kwa kupenda, na vitabu alivikuta akiwa mtu mzima, ndani ya gunia la karatasi chakavu.

Gunia lenyewe lililetwa na Mkataji. Huyo ndiye mwanamume pekee mle chumbani, mwenye mkasi mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Kazi yake ilihitaji karatasi: za kuchorea vipimo vya kola, za kutia katikati ya mashati yaliyokunjwa yasije yakajikunja upya. Alinunua vitabu vibovu kwa uzito, akavichana kama anayechambua mboga. Siku moja Redio aliokota kimoja chini ya meza ya kukatia. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, na alipoanza kusoma mtu alikuwa ameshauawa. Ikawa kama kufika msibani usijue aliyekufa ni nani. Akasoma wakati wa mapumziko, chai ikapoa. Alipofika mahali fulani akapiga ukelele, "Mungu wangu, kumbe ni daktari!"

"Daktari gani?" wakauliza.

Hapo ndipo ilipoanzia. Aliwasimulia kidogo, wakasema simulizi hawataki, wanataka kitabu chenyewe, na asiruke kitu. Mchana, cherehani zikishazimwa na imebaki kazi ya mkono, ya vifungo na pindo na kukata nyuzi, Redio aliwekwa kwenye kiti karibu na dirisha asome. Vifungo vyake waligawana wengine. Hakuna aliyelalamika, na katika chumba cha mafundi hilo si jambo dogo, kwa maana humo watu hugombana hata kwa sindano iliyopinda.

Tangu hapo Mkataji hakuruhusiwa kuchana kitu kabla Redio hajakikagua. Alinung'unika kwamba amegeuzwa mtunza maktaba, lakini jioni yeye ndiye aliyekumbuka walipoishia. Walisoma vya mapenzi wakavichoka. Walisoma cha mtu aliyevuka jangwa kwa miguu akinywa umande uliotua kwenye blanketi lake, na kwa wiki nzima kila aliyekunywa maji alikunywa kwa heshima. Walisoma cha mpelelezi mwenye jino bovu, ambalo lilimuuma kila aliposikia uongo. Aliingia katika hoteli iliyojaa watu wenye adabu zao, akashika shavu, akajua. Hicho walikipenda hadi kikawa lugha yao. Mkataji akichelewa na kuanza kueleza habari za ndoo iliyomwagika na mlango uliogoma, chumba kizima kilishika mashavu.

Mpiga pasi alikuwa Mama Pasi. Huyu alikuwa mkubwa wao kwa umri, mrefu, mkimya, na alifanya kazi amesimama, mgongo umeegemea ukuta wenye joto. Kijana wake, wa pekee, alipanda lori la magogo kwenda kutafuta kazi mbali. Simu za njiani zilikuja siku mbili tatu, zikapungua, zikakoma. Lori lilipatikana, dereva akasema kijana aliteremka njiani akatize msitu kwa miguu afike haraka kwenye kambi ya wakata miti. Kambini hakufika. Miaka ilipita. Ndugu walimjia Mama Pasi kwa upole, wakasema labda sasa tumuombee, tuweke msiba, moyo upumzike. Aliwajibu, "Msiba wa nani? Mmeniletea nani nimzike?" Wakaondoka. Na tangu siku hiyo alipomtaja mwanawe alimtaja kama mtu aliyetoka kidogo kwenda dukani, kwamba hapendi shati lenye mfuko, kwamba analala kwa tumbo.

Sasa, sheria ya chumba ilikuwa kwamba hakuna kuchungulia mbele, hata msomaji mwenyewe. Redio aliishika sheria hiyo kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio uliomponza. Gunia jipya lilipokuja alitoa humo kitabu kizima, kina jalada na kila kitu, cha mpima ardhi kijana aliyepotezana na wenzake kwenye msitu wa milimani. Wangejua, wasingekigusa. Lakini kilianza kwa mzaha, kijana akiwacheka wenzake kwa kuogopa mvua, na walipogundua kinakoelekea Redio alifunga kitabu akamtazama Mama Pasi.

"Mama, tuchukue kingine?"

"Kwa nini?" akasema Mama Pasi, akitia maji kwenye kola. "Endelea. Nataka nione anakula nini."

Akaendelea. Chumba kiliingia msituni pamoja na kijana yule. Alikuwa na sufuria ndogo, kamba, na viberiti ndani ya chupa. Alifuata mto kwa sababu mto una mahali unapokwenda. Kiatu kilipoachama akakishona kwa nyuzi za gome la mti, mafundi wakasikia jinsi alivyoshona, wakamkasirikia.

"Hajarudia mshono!" alilia dada wa pindo. "Huo utaachia kabla hajavuka mto."

Na kweli uliachia, wakamsonya. Usiku wa msituni kijana alizungumza na mama yake, akimweleza siku ilivyokwenda, kama mtu anayerudi kazini. Redio alipofika hapo sauti yake ilipungua kidogo. Mama Pasi aliziweka pasi zake zote chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana, akasikiliza amefunga mikono.

Siku ya sura ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Msomaji mzoefu macho yake hutangulia mdomo, yanakwenda mstari mmoja mbele kuangalia njia. Macho ya Redio yalitangulia, yakafika chini ya ukurasa, yakakuta kijana ameketi kwenye mzizi mkubwa apumzike, karibu na mahali ambapo mto unatoka msituni, na hakuinuka tena. Mdomo ulikuwa bado juu, kijana yu hai, anasukuma majani kwa kijiti. Redio aliinua kichwa. Mama Pasi alikuwa amesogea mpaka katikati ya chumba. Sijui wewe ungefanya nini. Mimi ningekohoa, ningeomba maji, ningezimia hata kwa uongo. Redio hakufanya hayo. Alirudisha macho kitabuni akasoma, bila sauti kutetereka, maneno ambayo hayakuandikwa na mtu.

Akasoma kwamba kijana alisikia shoka. Ko, ko, ko. Kwamba aliifuata sauti akamkuta mwanamke anachanja kuni, naye alipomwona hakukimbia, alimpa uji kwanza na maswali baadaye. Akasoma safari ya kurudi, gari, barabara, mtaa, mlango. Akasoma mama akifungua, akamtazama mwanawe kuanzia miguuni, akasema, "Umechelewa kula."

Chumba kilipasuka. Dada wa pindo alilia makamasi. Mama Pasi, yule mkimya, alipiga vigelegele hadi muuza misumari akapanda ngazi kuuliza nani anaolewa. Katika kelele zile Mkataji peke yake alibaki ameegemea meza yake. Alimtazama Redio, akapandisha mkono polepole, akashika shavu.

Walipokuwa wanashuka ngazi alimnong'oneza, "Dada, umefanya jambo la kibinadamu. Lakini njia ya mwongo ni fupi, unajua."

"Ungefanyaje wewe?"

"Mimi? Ningekichana wiki iliyopita."

Jumatatu Mama Pasi alimfuata kitini. "Mwanangu," akasema, "niazime kile kitabu. Nasoma taratibu kwa kidole, lakini nitafika. Nataka nipasome mwenyewe pale mlangoni."

Redio alisema jalada limeachia, anakitia gundi. Kesho yake alisema gundi haijakauka. Siku iliyofuata alisema amekisahau nyumbani, nacho kilikuwa kwenye droo ya vifungo, goti lake likigusa. Wale walioshika mashavu kwa ndoo ya Mkataji hawakushika kwa gundi ya Redio, maana nani angemdhania? Hilo lilimuuma zaidi. Miaka yote walimwambia asiruke kitu, naye hakuruka hata jina la mji asiloweza kulitamka. Sasa mama wa watu anasubiri kwenda kusoma kurudi kwa mwanawe mahali ambapo hakurudi. Chakula kilimgomea. Mumewe alimuuliza kama anaumwa, akajibu, "Nimejichoma mwenyewe kwa sindano yangu," jibu ambalo mumewe hajalielewa mpaka leo.

Wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa chini wanaota jua, alikitoa kitabu akakifungua mwishoni. Karatasi zilizokuwa na kifo zilikuwa mbili tu. Mkasi mdogo wa nyuzi ulikuwa unaning'inia shingoni mwake kama kawaida. Mle ndani vitabu vilikatwa tangu zamani, na karatasi mbili za kola hakuna ambaye angeziuliza. Angesema kimefika kikiwa hivyo. Aliweka mkasi kwenye mshono wa katikati ya kitabu, akabana kidogo, uzi wa kwanza ukakatika. Akasimama hapo. Alikuwa ameviokoa vitabu vingi kwenye mkasi wa mtu mwingine, na sasa mkasi ulikuwa wake. Moyo ulikataa kabisa. Akauvua shingoni, akauweka mbali, akaenda na kitabu mpaka mwisho wa pili wa chumba, kwenye meza ya pasi, ambako Mama Pasi alikuwa amebaki peke yake kwa sababu hapendi jua.

"Mama, chukua," akasema. "Lakini mwisho wake sio ule niliousoma. Nilikudanganya."

"Najua."

Redio alibaki ameshika kitabu hewani. "Mkataji amekwambia?"

"Mkataji ana nini cha kuniambia? Nilikuwa nimesimama, mwanangu. Nyinyi mlioketi mlikuwa mnaangalia sindano. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Umesoma shoka, umesoma uji, umesoma gari mpaka mlangoni, na ukurasa hukuufungua hata mara moja."

"Na vile vigelegele?"

Mama Pasi aliitua pasi mahali pake. "Sikumpigia yule kijana. Nilikupigia wewe. Mtu anitungie mwanangu njia nzima ya kurudi, papo hapo, bila kupumua! Nani amewahi kunifanyia hivyo? Ndugu zangu wananiletea mkeka wa kukalia msiba." Akavuta pumzi. "Ila hapo mlangoni ulikosea. Mama hawezi kusema umechelewa kula. Neno halipatikani. Mimi nimelitafuta miaka yote, sijalipata."

Redio alianza kulia, naye si mtu wa kulia, hata kwa sindano ya kwenye kucha.

"Nyamaza. Nilikuomba kitabu mara zote hizo nikakuona unahangaika na gundi, nikasema ngoja, akimaliza kuogopa atakileta. Sasa kaa hapa unisomee ya kweli."

"Mama, anakufa."

"Nimeshajua anakufa. Usingehangaika hivyo kwa mtu aliye hai. Soma."

Hawakuwaita wengine. Redio alivuta kibao akakaa kando ya meza ya pasi, kwenye joto, akafungua karatasi zile mbili, moja ikiwa imelegea kwa uzi alioukata. Alisoma kijana akiketi kwenye mzizi. Alisoma akivua kiatu kibovu na kukiweka kando vizuri. Alisoma akimwambia mama yake kwamba leo hakutembea sana, atatembea kesho. Hakuongeza wala kupunguza neno, na mahali pagumu alisubiri, akapita. Mama Pasi alikuwa amesimama, viganja vimelala juu ya shati lililokunjwa.

Redio alisoma kwamba warina asali walimkuta mvua zilipokwisha. Hawakumfahamu jina. Walichimba pale pale kwenye mzizi, na mzee wao akavua nguo aliyojitanda mabegani, akamfunika nayo kabla ya udongo, kisha wakaweka sufuria yake juu, imefunikwa, ili apitaye ajue hapa pana mtu.

Kitabu kiliishia hapo. Sauti za wenzao zilianza kupanda ngazi, Mkataji akiwachekesha kwa jambo.

Mama Pasi alishika ukingo wa meza, akajishusha, akakaa sakafuni kando ya Redio. Mafundi waliofika mlangoni wakasimama pale pale, maana hakuna aliyewahi kumwona mwanamke yule amekaa.

"Hapo pa nguo," akasema. "Nirudie hapo pa nguo."

Redio akarudia.