Usimpe Baridi Maji

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, Ijumaa moja ya Januari, saa kumi na dakika kumi alasiri, bibi yangu alinishika mkono nikiwa nimeinamisha ndoo ya maji juu ya ngazi za mbele ya nyumba yetu. Saa naikumbuka vizuri kwa sababu kipindi cha katuni nilichokipenda kilikuwa kimeshaanza, na nilikuwa naharakisha kazi ili nisikikose chote. Mtu mwenye wasiwasi hujifunza mapema kuangalia saa.

"Hayo yaliyobaki kamwage ndani," Shosho, ndivyo nilivyomwita bibi, aliniambia. "Kwenye sinki. Nje hapana."

Tuliishi Croydon, kusini mwa London, kwenye barabara iliyokaa bondeni. Vilima vilikuwa nyuma yetu, na kituo cha tramu kilikuwa mbele, chini zaidi. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofani, na ili kuifikia ulipanda ngazi za saruji zilizo nje, zenye chuma cha kushikilia upande mmoja tu. Kila Ijumaa Mama alizisugua kwa maji na sabuni. Mwezi ule hakuweza kuinama. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na kazi ikawa yangu. Shosho, mama yake mzazi, alikuwa amekuja kutoka Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, kumsubiri mtoto. Na mimi nilijua, ingawa hakuna aliyeniambia waziwazi, kwamba mimba iliyotangulia haikufika mwisho.

"Kwa nini isiwe nje?" nilimuuliza kwa Kiingereza. Kiswahili chake nilikielewa chote lakini nilijibu kwa Kiingereza, naye alikielewa Kiingereza changu kwa kiasi alichotaka siku hiyo.

"Kwa sababu jua linaingia, na mbingu ni wazi. Ukimwaga maji nje saa hizi, unampa Baridi maji ya kunywa. Akishakunywa mlangoni kwako haendi tena. Analala hapo hapo mpaka asubuhi."

Shosho aliizungumzia baridi kama mtu. Kwao, Baridi ni msafiri anayekaa juu mlimani. Siku ya mawingu hatoki. Siku ambayo jioni haina wingu wala upepo, mlima ukaonekana mpaka mikunjo yake, ujue anafunga safari. Anashuka polepole, haangalii kulia wala kushoto, anaelekea tambarare kunakopandwa viazi. Anayeishi pale mlima unapoishia ana kazi moja tu: kumfanya apite.

"Lakini hapa hakuna mlima," nilisema.

Akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya nyumba. "Na kile ni nini?"

"Kilima tu. Watu wanachezea gofu huko."

"Basi atashuka akiwa ametoka kucheza gofu."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliangalia chini nikaona kwamba ngazi nne za juu zilikuwa tayari zimelowa. Kesho yake asubuhi Mama angeshuka ngazi hizo kwenda kazini. Alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, na Jumamosi hiyo ilikuwa shifti yake ya mwisho kabla ya likizo ya uzazi. Baba alikuwa na zamu ya usiku uwanja wa ndege, asingerudi kabla ya saa nne asubuhi. Mara moja nikamwona Mama akianguka. Nilikuwa na kipaji hicho, na bado ninacho: naliona jambo baya likiwa limekamilika, na kila kitu kikiwa mahali pake.

Tuliingia ndani. Mama alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, televisheni imewashwa.

"Shosho anasema baridi inakuja, na ngazi zina maji," nilimwambia.

"Wamesema digrii tatu," Mama alijibu. "Digrii tatu maji hayagandi. Mami, huku kuna watu wa hali ya hewa, wanalipwa kwa kazi hiyo. Usimtishe mtoto."

"Sijamtisha. Wako wapi hao watu?"

"Mjini."

"Wamepita hapa kwetu?"

"Hawahitaji kupita, wana setilaiti."

"Haya. Mimi sina setilaiti, nina binti mmoja tu." Shosho alikuwa anavaa koti la Baba, lililomfika magotini. "Hapa mnapikia umeme. Majivu mtayatoa wapi?"

Mama akafunika uso kwa mto. "Majivu tena! Mungu wangu. Atanifanyia vya Kinangop hapa Croydon, majirani watasema tumeunguza nyumba."

Majivu tuliyapata kwa Mama Hansa. Alikuwa jirani wa nyumba inayofuata, mjane wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, aliyekuwa na jiko la makaa uani na kulitumia hata Januari kuchomea mahindi, akiyapaka ndimu na pilipili na kulalamika kwamba mahindi ya hapa ni matamu mno, kama peremende. Yeye na Shosho walikuwa wamejuana kwa wiki mbili na walishatukanana vya kutosha kuwa marafiki.

"Majivu ya nini, mama?" alimuuliza Shosho pale uani. "Unataka kusugua sufuria? Nitakupa sabuni, ni karne nyingine hii."

"Ni ya Baridi. Apite."

Mama Hansa hakucheka. Alitazama juu, ambako mbingu ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau, hakuna kinachosogea, hata majani makavu kwenye ua wake. "Kule Nakuru yaya wangu alikuwa anafanya hivyo," alisema. "Sikumbuki kama ilisaidia. Nakumbuka miguu yetu ilikuwa michafu mwaka mzima." Kisha akainama akakung'uta jiko lote ndani ya debe letu, hadi masizi ya mwisho.

Tulinyunyiza kabla giza halijakolea. Shosho alinionyesha: unaanzia mlangoni, unateremka ukirudi nyuma, unajaza kila pembe, kwa sababu Baridi akikuta majivu anajua hapa kuna moto na watu, pameshajaa, anaendelea na safari. Nilimwuliza kama kuna maneno ya kusema. Alisema hakuna, fanya kazi. Nikafanya. Vidole vilikuwa vya kijivu na pua ilikuwa inatiririka, na nakumbuka kwamba kwa muda wote ule sikumwona Mama akianguka hata mara moja.

Asubuhi barabara ilikuwa nyeupe. Haikuwa theluji. Ilikuwa sakitu, ile barafu nyembamba inayokaa juu ya vitu kama chumvi iliyosagwa: kwenye vioo vya magari, kwenye mapipa ya taka, kwenye nyaya. Kijana wa nyumba ya ng'ambo alitoka mbio kama kawaida yake, akateleza mlangoni, akakaa chini kwa kishindo, na maneno aliyosema yalifika kwetu yote.

Saa moja na robo, mwanga ukianza kutokea, Mama alisimama juu ya ngazi akiwa amevaa sare yake chini ya koti ambalo halikufunga tena vifungo. Aliziangalia ngazi. Chini ya majivu, zile nne za juu zilikuwa zimeganda, tuliona ziking'aa pale majivu yalipokuwa machache. Akashika chuma cha ngazi.

"Nipe bega," aliniambia.

Nilitangulia. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye chuma, wa pili kwenye bega langu, na Shosho alikuwa nyuma akiwa amemshika koti kiunoni. Kwenye ngazi ya tatu kiatu chake kilisogea kidogo. Nilisikia vidole vyake vikiniingia mfupani. Kisha majivu yakakamata, yakatoa sauti ya kusagika, na kiatu kikatulia. Tukasimama hapo sote watatu.

"Twende," Shosho alisema. "Ameshapita huyo."

Tulimfikisha hadi kituo cha tramu, tukitembea kwenye nyasi pale palipokuwa na nyasi. Aliketi karibu na dirisha, akatupungia mkono, akaenda zake. Wiki tatu baadaye mdogo wangu wa kike alizaliwa akiwa mzima. Shosho alikuwa ameapa kwamba atakuwa mvulana. Alikuwa pia ametangaza theluji kwa Jumatatu iliyofuata sakitu ile, na Jumatatu ilikuja na jua hata wanafunzi wakavua makoti. Sipendi kumsimulia kama mtu asiyekosea.

Siku hizi nami nalipwa kwa kazi hiyo ya hali ya hewa. Nakaa mbele ya skrini katikati ya London na kuandika utabiri wa majira ya baridi kwa watu wanaoishi chini ya milima na kwenye nyanda zilizo mbele yake. Najua kwamba usiku wa mbingu wazi ardhi hupoteza joto lake, kwamba hewa iliyogusana na mteremko hupoa, huwa nzito na kuteremka polepole kama uji mzito, ikaenda kujaa bondeni. Aliye katikati ya mteremko anaweza kulala kwenye joto zaidi kuliko aliye chini. Mara ya kwanza niliposikia hayo chuoni niliyaandika kama wenzangu wote, kisha nikatoka nje kumpigia Shosho simu. Hakuvutiwa sana. Aliniuliza kama nimekula.

Siamini kwamba sayansi imemthibitisha, wala kwamba yeye aliitangulia. Baridi hanywi maji, na majivu hayamfukuzi. Ninachoamini ni kidogo zaidi, na kimenifaa zaidi. Alasiri ile nilikuwa mtoto aliyekuwa na hofu kubwa kuliko mwili wake, na badala ya kuambiwa nisiogope, nilipewa debe. Utabiri mzuri, naona, hufanya vivyo hivyo. Hauwezi kumhakikishia mtu kwamba hataanguka. Unamwambia mapema, wakati bado kuna mwanga, ili mikono yake ipate la kufanya. Ninapohariri sentensi zangu hadi wenzangu wanachoka, ninachotafuta ni hicho tu: je, anayesoma atajua afanye nini?

Asubuhi ile, tuliporudi kutoka kituoni, Shosho alipanda juu kuweka chai. Mimi nilibaki chini, kwa sababu niliona ngazi za mlangoni kwa Mama Hansa. Zilikuwa nyeupe, zinang'aa, hazina hata chembe ya majivu. Alikuwa ametupatia sisi yote aliyokuwa nayo, na mapazia yake yalikuwa bado yamefungwa. Nikachukua ufagio na kizoleo, nikafagia majivu ya ngazi zetu za chini, zilizokuwa kavu tangu mwanzo, nikaenda nayo hadi kwake. Nilianzia mlangoni, nikateremka nikirudi nyuma hadi barabarani, na sikuacha hata pembe moja.