Panya wa Jikoni kwenye Mtego wa Porini

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu kule Kpandroma, mwanangu, nimesimama kwenye mstari wa mitego, nimeshika mkia wa panya mfu ambaye sikumkamata mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nguvu tele, na nilijiona nina akili kuliko kazi niliyopewa. Nilimweka panya yule ndani ya mtego, nikakibana chuma chake shingoni mwake, nikashuka mtoni kunawa mikono.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana usipoijua kazi hutalijua kosa.

Leta, ndivyo sisi huku tulivyozoea kuiita serikali, ilikuwa na mfuko wa kuwalipa watu wanaochunguza viumbe hai. Haukuwa mfuko wa dawa, wala wa chanjo, wala wa mbegu mpya ya mahindi. Ulikuwa wa kuchunguza tu: kiumbe fulani anaishi wapi, anakula nini, anazaa mwezi gani. Kituo chetu kidogo cha mlimani kilipewa panya. Kulikuwa na panya wa nyumbani, wanaokaa kwenye dari na ghala, na kulikuwa na panya wa porini, wanaokaa kwenye majani marefu pembeni ya mashamba. Swali letu lilikuwa moja. Je, hawa wawili wanakutana? Wanakutana wapi, na majira gani?

Watu walitucheka, na siwalaumu. Barabara ya Mahagi ilikuwa inameza malori mpaka kwenye mlango wa dereva, na Leta inalipa watu watazame panya. Dada yangu mkubwa, Dorika, aliyeolewa katika kijiji cha jirani na kituo, alikuwa wa kwanza kunitania. Kila nilipopita kwake kula, aliniuliza mbele ya shemeji zake:

"Kaka, panya ya Leta inaamuka muzuri? Ya kwangu inakulaka bure tu, ata mushahara hainaye. Uiandikie barua."

Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe sikuona faida ya kazi ile. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, basi. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa natembea haraka na mwandiko wangu unasomeka.

Mkuu wetu aliitwa Muzee Zakaria. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kunyamaza ili umsikie. Alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Tukipita kwenye mitego, mimi nasoma, yeye anaandika kwenye kaye, yaani daftari lake. Mtego ukiwa na panya, nataja namba na panya wa aina gani. Mtego ukiwa mtupu, haikutosha kuupita kimya. Ilinipasa kusimama mbele yake na kusema kwa sauti: "Namba saba, tupu. Namba nane, tupu." Naye anaandika neno zima, tupu, kwa herufi safi, kana kwamba anaandika jina la mtu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asichore tu kamstari. Akasema, "Mustari unaweza kuwa usingizi yako. Tupu ni kitu uliona na macho." Nilidhani ni uzee.

Basi ukaja msimu ambao mitego ilikataa. Mvua zilikuwa zimepita, karanga tulizotumia kama chambo zilikuwa mbichi na zenye harufu nzuri, lakini kila asubuhi ilikuwa ni tupu, tupu, tupu, mpaka aibu ikaanza kunipanda. Na katikati ya msimu huohuo ikaja barua: mkaguzi atatoka Kinshasa kutazama kazi yetu, aamue kama mfuko utaendelea kwetu au utapelekwa kwingine.

Mwanangu, mimi ni mtoto wa wakulima wa Djugu. Kwetu, mtu aliyekulisha asubuhi akakutuma shambani, huwezi kurudi kwake jioni na kikapu kitupu. Utaokota hata kuni, utachuma hata mboga za pori, lakini mkono mtupu hutamwonyesha. Hivyo ndivyo nilivyowaza kuhusu Leta. Inatulipa kwa panya, sasa tutaionyesha nini? Tena nilimhurumia Muzee. Alikuwa amejaza makaye kwa miaka mingi, haba na haba, na niliona yote yatafungwa kwa sababu ya msimu mmoja wa ubahili.

Kwa hiyo nikaenda kwa Dorika. Nikamwomba yeye na wanawake wenzake wanipe panya wanaonaswa jikoni na ghalani mwao. Walicheka, lakini walifurahi kuwaondoa. Asubuhi na mapema Dorika alikuwa akiniletea kwenye kikapu kilichofunikwa na jani la ndizi, wawili, watatu, na mimi nikawapeleka porini kuwagawa kwenye mitego kabla Muzee hajapanda. Wala sikuwaza kuhusu viroboto. Nilijiambia kwamba sidanganyi. Panya ni wa kweli, wamekufa kweli, mtego ni wa kweli. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeitembea huiona ndefu na tambarare.

Nilifanya hivyo wiki tatu. Kaye ikajaa. Muzee alianza kukunja uso, akasema hajapata kuona panya wa nyumbani wengi hivyo porini, tena mbali na kijiji. Nikafikiri amefurahi.

Kituoni tulikuwa na meza ya kupasulia, maana ilitupasa kujua kila panya alikula nini. Asubuhi ile niliyokuambia, Muzee alivaa glavu, akampasua yule panya niliyemtia mtegoni kwa mkono wangu. Akatazama tumboni. Halafu akanisogezea kile kijisahani.

"Angalia. Unaona nini?"

"Maharage, Muzee."

"Na ile nyekundu?"

"Mafuta ya mawese."

"Chumvi sijaonja," akasema. "Sasa uniambie. Kule juu, kwa mutego ya namba kumi na mbili, ni nani anapikaka?"

Alisema kwa upole, na kama si uso wake ningecheka. Nikajaribu kusema pengine kuna mtu alipita na chakula chake. Akaendelea kunitazama mpaka maneno yangu yakaisha yenyewe, nikamwambia yote, kuanzia kikapu cha kwanza.

Hakupaza sauti. Angenipiga ingekuwa nafuu. Alivua glavu, akaketi, akafungua kaye kwenye zile kurasa za wiki tatu.

"Tuliuliza kama hawa panya wawili banakutana," akasema. "Hatukujua. Sasa weye umebakutanisha na mukono yako. Kesho mutu atasoma hapa, ataamini. Ile tupu ulikuwa unaona haya nayo, ndiyo ilikuwa jibu."

"Nilitaka kusaidia, Muzee. Mukaguzi anakuja."

"Najua. Ndiyo sababu sikufukuze. Lakini utamwambia weye mwenyewe."

Mkaguzi alifika siku chache baadaye na gari iliyojaa matope. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kisangani, mwenye kilemba na viatu vya mvua. Nilisimama mbele yake nikasema nilichofanya. Nilitazama viatu vyake muda wote. Muzee alikaa kando, hakunitetea, hakuniongezea kosa.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nani alikuambia Leta inanunua panya?"

Nikainua macho.

"Siye hatununue panya, kijana. Tunalipa batu batuambie kile kiko. Nilikuja kutazama kama munaangalia muzuri, basi."

Aliomba kaye, akapiga mstari juu ya kurasa za wiki tatu, akaandika pembeni kwa nini. Tulipiga naye hesabu ya yaliyobaki: msimu mzima ulikuwa umeharibika, na huo msimu wa kati ya mvua na mavuno ndio makaye ya miaka ya nyuma yalikuwa yanaungoja ili yatoe jibu. Mfuko haukuendelea kwetu. Ulipelekwa kituo kingine, mkoa mwingine, kuchunguza kiumbe kingine. Muzee Zakaria alifunga mlango wa kituo, akapeleka ufunguo unakopaswa kwenda, akarudi kulima viazi. Mimi nilipata kazi ya kupakia malori. Hakuna aliyenilaani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ningetamani hadithi iishie hapo, lakini sitakuficha.

Baada ya mavuno mawili, tauni iliingia kijijini kwa Dorika. Ugonjwa huo si mgeni kwenye milima yetu. Huja, huondoka, hurudi. Huanza kwa panya kufa, viroboto wao wakahamia kwa watu. Dada yangu alipata homa, kisha uvimbe chini ya kwapa. Alikuwa akisema ni uchovu wa kutwanga. Siku ya tatu tulimfikisha kituo cha afya tumembeba kwenye machela. Hakuiona siku ya nne.

Nilikuwa nimeketi nje, ukutani, wakati muuguzi aliponijia. Alikuwa kijana, hajalala siku mbili, lakini kazi ilikuwa bado inamsukuma. Alikuwa amesikia kwamba nilifanya kazi ya panya.

"Pole sana, kaka," akaniambia. "Nakuuliza juu ya kilima kingine, kule bado haijafika. Panya ya pori inaanza kuingia mu manyumba mwezi gani? Nibaambie batoe mavuno ndani sasa, ao bangoje?"

Mwanangu, hilo lilikuwa swali letu. Lilikuwa lilelile, kwa maneno mengine, ambalo Leta ilitulipa tulitafutie jibu, na mimi nikaliona la kipuuzi. Jibu lake lingekuwa kwenye zile kurasa zilizopigwa mstari.

"Sijui," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, akaenda kuwaambia watu watoe mavuno mara moja, kwa kubahatisha. Kama ilisaidia au haikusaidia, hilo pia sijui.

Muzee Zakaria alikuja matanga. Alileta mzigo wa kuni begani, akauweka jikoni, akakaa nasi siku zote tatu kwenye mkeka. Siku ya mwisho nilimwambia kwamba ni mimi niliyemuua dada yangu. Nilitaka akubali. Kuna nyakati mtu anataka ahukumiwe ili apumzike.

Akaniwekea mkono gotini.

"Lia dada yako," akasema. "Lakini hiyo usiseme. Pengine tungejua, na angekufa vilevile. Pengine angepona. Hatukuiona na macho. Hata hiyo tusiiandike."

Nilikasirika wakati ule. Nilidhani ananinyima hata hatia yangu. Leo naelewa kwamba alikuwa ananitendea kama alivyoitendea kaye yake: hakukubali neno lisilo na ushahidi, hata lile ambalo lingempa mtu pumziko. Naye ameshafariki. Vita vilitushusha sote mlimani, na kaburi lake liko hapa Bunia, mbali na viazi vyake.

Nimeandika haya kwa sababu wiki hii binti wa jirani yangu hapa mtaani Nyakasanza, msichana mwema, mwanafunzi, alinieleza kwamba amechukuliwa kwenye programu mpya ya serikali ya kuchunguza viumbe wa pori letu. Nikampongeza. Akacheka, akasema, "Papa, ni kujaza makaratasi tu. Kama haukupata kitu, unapangapanga kidogo, bakubwa bafurahi." Sikumkemea. Nilimwomba aketi, nikamsimulia ninayokusimulia, kisha nikaona nawe yakufae.

Sikusifii serikali, mwanangu. Najua mishahara yake huchelewa, najua pesa zake hupotea njiani, na aliye na njaa ana haki ya kuuliza kwa nini mwingine analipwa kutazama mdudu. Lakini akiba haiozi. Maarifa ambayo leo hayana kazi ndiyo akiba ya siku usiyoijua, na hakuna mfanyabiashara atakayeyalipia, kwa sababu hakuna wa kuyanunua mpaka siku hiyo ifike. Ndiyo maana hulipiwa na mfuko wa wote. Ukiwekwa kuyakusanya, umewekwa na watu ambao hawajui jina lako, na wengine wao hawajazaliwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Usione haya kurudi mkono mtupu kutoka mahali ambapo ulitafuta kweli. Ona haya kurudi na cha kubuni. Aliyekutuma akikutaka ufurahishe macho yake, mwambie kwa heshima ulichokiona, hata kama mfuko utafungwa. Mfuko ukifungwa unaweza kufunguliwa, lakini neno la uongo likishasomwa na kuaminiwa, huwezi kulifuata kila mlango lilikopita. Na ukishakosea, sema mapema, sema mwenyewe. Mimi nilisema nilipokamatwa, na tayari nilikuwa nimechelewa.

Mungu akupe macho mavumilivu na ulimi usioogopa. Akupe wakubwa wapole kama yule niliyepewa mimi. Azilinde nyumba za jamaa zako, wakubwa kwa wadogo. Na siku mtu aliyechoka atakapokujia na swali ambalo uhai wa kilima kizima umelisubiri, Mungu akujalie uwe na jibu la kweli la kumpa. Amina.