Rekodi ya Fundi Issa

Mwalimu Felista alikuwa na hasira za karibu, na hakuwahi kuzionea haya. Alizaliwa nazo Bukoba, akasafiri nazo mpaka Mtwara alipopangiwa kufundisha shule ya msingi, na watu wa mtaa wa Chikongola walizijua kabla hawajalijua jina lake. Muuza samaki akimpunja, moto unawaka. Mvua ikinyesha juu ya nguo zake kambani, moto unawaka, na mvua yenyewe inatukanwa. Tairi la baiskeli yake lilipopasuka kwa mara ya pili ndani ya wiki moja, aliikokota mpaka kwenye banda la Fundi Issa, akaibwaga chini.

"Fundi, hii baiskeli ama uitengeneze ama uizike."

Issa alikuwa Myao mwembamba, kofia ya kufuma imekaa upande. Hakuinua hata macho. Alikuwa ameshika kijidude cha plastiki cha kijivu, vidole gumba vinakimbia.

"Subiri, Mwalimu. Nipo kwenye zamu."

Lilikuwa gemu la mkononi, lile la vitofali vinavyoshuka kwenye kioo. Unavipanga; mstari ukijaa unafutika, ukikosea vinarundikana mpaka juu na mchezo umekwisha. Mwishoni mwa miaka ya tisini yalizagaa mjini kote. Issa alilinunua kwa Mmachinga mmoja, akaliweka bandani wateja wajipumbaze wakati wanasubiri. Matokeo yake wateja wakawa hawaondoki.

Ili atulie, Felista alipewa zamu. Vitofali vilimshinda palepale, naye akalipiga gemu kofi kama mwanafunzi mtoro.

"Mwalimu," Issa alisema, akilipokea kwa upole, "hasira hazijengi."

Maneno hayo yalimuudhi kiasi kwamba kesho yake alirudi na baiskeli isiyo na ugonjwa wowote. Na kesho kutwa. Walimu wenzake wakaanza kunong'ona kwamba mtu mzima na cheti chake anashinda kwa fundi baiskeli anabonyeza vitufe. Aliwajibu jibu ambalo haliandikiki hapa.

Pale bandani alimkuta mchezaji wa tatu, Lukasi, Mngoni kutoka Songea aliyefanya kazi bandarini. Wangoni na Wayao ni watani tangu mababu zao walipoacha kupigana, kwa hiyo kazi ya Lukasi, ukiacha ile ya bandari, ilikuwa kumtukana Issa.

"Nyie Wayao mngejua kupanga, mngepanga vita vizuri," Lukasi husema, akisubiri zamu.

"Na wewe ulitoka kwenu na mkuki, ukafika hapa na njaa," Issa humjibu bila kuacha kucheza.

Kwenye kona ya kioo zilikaa tarakimu ndogo: rekodi, alama za mchezo bora kuliko yote. Ilikuwa ya Issa. Felista aliitamani rekodi ile kuliko alivyowahi kutamani kupanda cheo. Na hakutaka kuivunja tu. Alitaka kuivunja Issa akiwa amekaa palepale, anaona, aweke bisibisi chini na akose la kusema.

Gemu lile lilikuwa na tabia moja mbaya. Ukitoa betri, rekodi inafutika. Issa alikuwa na dawa yake: kabla ya kubadilisha betri aliunganisha nyaya mbili kutoka kwenye betri za redio, umeme usikatike hata kidogo. Kazi hiyo aliifanya asubuhi, kabla ya wateja. Felista alimkuta siku moja akaelezwa. Lukasi alikuwa hafiki hapo mpaka alasiri, hivyo hakuwahi kuona. Kwake yeye gemu lilikuwa kitu kinachowaka tu.

Siku moja Felista alicheza kuliko alivyowahi kucheza. Ilibaki mistari michache aifikie rekodi, kisha kidole kikateleza. Kabla hajalipiga gemu kofi, Issa alilichukua. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa homa.

"Naenda kulala kidogo. Nikipona utaivunja, lakini mbele yangu. Nisipokuwepo usiiguse."

"Ukipona nitakuaibisha."

"Haya. Hiyo ni ahadi."

Malaria ikampanda kichwani, na Issa hakupona.

Msibani Felista alikaa barazani na wanawake. Ndani, mjane, Mwanakombo, alikuwa amezungukwa na shangazi zake. Hapo akatokea Lukasi, amevaa kofia ya marehemu upande vilevile, pampu ya baiskeli mkononi, akiwaambia waliokuja kuhani, "Subirini. Nipo kwenye zamu." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Hata Mwanakombo alisikika akicheka ndani. Ndivyo utani ulivyo: mtani huja msibani kuwachekesha wenye uchungu, na huruhusiwa kuchukua kitu cha marehemu mpaka ndugu wakikomboe.

Felista hakuona cha kuchekesha. Kwao maiti akiwa ndani hachezewi. Ndipo Lukasi akaliona gemu dirishani.

"Mtani hatoki mikono mitupu," alisema, akiliinua watu walione. "Ila huyu Myao nimemhurumia, gemu namwachia. Nachukua betri tu, asije akafufuka akadai zamu."

Akafungua kifuniko cha nyuma, akamimina betri kiganjani, akazitia mfukoni.

Felista alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka kusimama.

"Umemfuta," alisema. "Lukasi, umemfuta."

Bibi mmoja akamvuta kanga. "Mwalimu, kaa. Mtani hakasirikiwi."

"Hakasirikiwi na Wayao. Mimi ni Mhaya, sina utani na Mngoni huyu. Kwangu mimi ni mwizi, tena anamwibia maiti."

Lukasi alimtazama kidogo, kisha akarudisha tabasamu lake. "Na hizo hasira nazo nazichukua, Mwalimu. Songea kuna baridi."

Watu wakaangua kicheko. Felista akachukua baiskeli yake akaondoka kabla ya maziko.

Tangu siku hiyo hakumsalimia Lukasi. Alikutana naye sokoni, akageuza shingo. Alipita mbele ya banda lililofungwa, akalikasirikia kufuli. Usimwambie mtu kwamba hasira hupoa zenyewe. Za Felista zilikuwa na chakula kila siku. Aliwakasirikia waliocheka. Alimkasirikia hata Issa, na huyu zaidi ya wote, kwa sababu aliweka ahadi halafu akaenda zake. Rekodi ile ndiyo mahali pekee ambapo Issa alikuwa bado anamsubiri, na mtu alikuwa amempokonya mahali hapo kwa ajili ya kuchekesha watu.

Siku ya arobaini alikwenda kwa ajili ya Mwanakombo, si kwa mwingine yeyote. Alikuta Lukasi yuko barazani, na gemu liko mapajani.

"Nimeleta betri mpya," Lukasi alisema.

"Zitie basi. Uone kazi yako."

Akazitia. Gemu likalia mlio wake, kioo kikawaka. Lukasi akaisogeza kona ile karibu na macho. Ilikuwa na sifuri.

"Rekodi iko wapi?"

Felista alikuwa ameiandaa hotuba yake muda wote ule. Alimweleza habari za nyaya na betri za redio, na kila neno alilitupa kama jiwe. Lukasi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikujua," alisema. "Ningechukua gemu, shemeji angehangaika kulikomboa. Nikasema nichukue kile kidogo kabisa."

"Ukacheka."

"Wewe ulikasirika, ukazitoa hasira zako mbele ya watu wote, ukapanda baiskeli. Mimi je? Nani amewahi kuona mtani analia msibani? Katika mji huu nilikuwa na rafiki mmoja, na siku anazikwa kazi yangu ilikuwa kuchekesha watu."

Na sasa akalia, kwa kelele, pua ikimtiririka, kofia ya Issa bado kichwani.

"Mwacheni alie," Mwanakombo alisema kutoka ndani. "Amechelewa sana."

Felista alisimama pale hajui aziweke wapi hasira zake. Hazikuwa zimepungua. Alikuwa anamtaka mwizi. Mwizi angemfaa zaidi. Mtu aliyekosea kwa huruma unamfanya nini?

"Acha kulilowesha gemu," alisema hatimaye. "Cheza. Zamu yako."

Lukasi alicheza macho yamejaa machozi, akashindwa upesi. Kwenye kona ikakaa rekodi mpya: mia tatu.

"Mia tatu," Felista alisema. "Aibu gani hii."

Akampokonya gemu, akakaa sakafuni karibu na mlango wa Mwanakombo, akaanza kupanga. Aliipita mia tatu bila hata kuitazama. Kisha vitofali vikaharakisha, kidole kikateleza, vikarundikana mpaka juu. Akalipiga gemu kofi.

Halafu akatulia, gemu mkononi, akisubiri. Hakuna aliyemwambia kwamba hasira hazijengi.